Waya Uliopindwa Kushoto

Tangu baba yake alipopanda mlimani jana kufuata alpaka, wanyama wao wa sufu, waliotawanyika, Nicasio hakukaa kitako. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, akishika hiki na kukiacha, macho yakirudi kila mara kwenye ukingo wa mlima ambako wingu lilikuwa linashuka. Baba huyo, Mzee Tiburcio, alikuwa amelala nje. Katika nyanda zile za juu mtu huweza kulala nje usiku mmoja akarudi na mafua. Usiku wa pili ni habari nyingine.

Meliton, baba wa ubatizo wa Nicasio, padrino wake, alikuwa ameshajifunga kamba begani, tayari kupanda. Shida ilikuwa moja tu. Nyuma ya ukingo njia zinagawanyika, moja ya ziwani, nyingine ya kwenye barafu, na ukichagua vibaya giza linakukuta kabla hujaifikia ya pili.

"Hiyo ndege yako bwana," Meliton akasema. "Maharusi wa mjini Sicuani unawapiga picha mpaka meno ya mama mkwe yanahesabika. Baba yako ndiye humwoni?"

"Padrino, usinianze."

"Sikuanzi. Nauliza tu."

Kweli ilikuwa droni ya harusi, Nicasio aliiunga mwenyewe kwa vipuri. Asubuhi ilifika karibu na ukingo picha ikakatika, na wakati wa kurudi ikajigonga kwenye mwamba, antena yake ikavunjika. Kwenda dukani ni safari ya kutwa. Kwa hiyo akafumua mota ya pampu mbovu akachomoa waya wa shaba, akaamua kutengeneza antena mbili mpya, zenye nguvu kuliko za mwanzo. Si kazi kubwa: vitanzi vitatu vya waya, vimeinamishwa kama mapanga ya feni, vikalehemiwa pamoja. Moja hukaa juu ya droni ikirusha picha, nyingine hukaa kwenye kipokezi ikiidaka. Ya kipokezi aliipinda mwenyewe. Ya droni, ili kuokoa muda, akampa mama yake waya huku yeye akipasha chuma cha kulehemia.

"Mama, nipindie vitatu kama hivi. Vilingane."

Bi Eulogia alikuwa anasokota sufu tangu hajang'oa meno ya utoto. Alivipinda upesi, midomo ikinong'ona, na vikalingana kuliko vya mwanawe. Nicasio akavilehemu bila kuvitazama mara mbili, akavimwagia gundi, akarusha.

Uani picha ilikuwa safi ajabu. Lilionekana paa la bati, mbwa, na tundu la kofia ya Meliton. Droni ikavuka kijito. Chenga. Akaisogeza juu kidogo. Chenga tupu, kioo kizima kinachemka, na hata nusu ya umbali wa asubuhi haijafika.

"Mpya imekuwa mbovu kuliko iliyovunjika," Meliton akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Nicasio akairudisha kabla haijampotea. Alitamani kukipasua kipokezi ukutani. Betri ilibaki moja, na wingu limeshameza kilele. Akaiinamia droni, akaleta antena yake karibu na ile ya mama yake. Ndipo akaona. Mapanga yake yaliinama kulia. Ya mama yaliinama kushoto.

"Mama! Mbona umepinda kushoto?"

"Ulitaka nipinde wapi?"

"Si nilikupa mfano!"

"Mfano wako ni wa uzi wa kila siku. Hiki kinakwenda kwenye hatari, kumtafuta mtu. Kitu cha hatari kinasokotwa kushoto ili baya likose njia ya kukifuata. Wewe mwenyewe ulipozaliwa nilikufunga uzi gani mkononi?"

Nicasio alijua uzi gani. Mlimani kule hakuna mtoto asiyefungwa uzi wa kushoto. Yeye ndiye mpumbavu. Unamwomba msokotaji akusokotee siku ya balaa, halafu unategemea asokote kulia?

Akashika koleo aing'oe ile gundi, kisha mkono ukasimama. Mawimbi ya redio hayajali kushoto wala kulia, mradi mrushaji na mdakaji wakubaliane. Akaiacha kazi ya mama yake ilivyo, akashika antena yake mwenyewe na kuyageuza mapanga moja moja kwa vidole, kushoto, kushoto, kushoto, akapanda nayo juu ya paa, akarusha tena kwa betri ya mwisho.

Kijito kikapita, chenga mbili tatu tu. Ukingo ukapita. Njia ya ziwani: mawe na maji. Njia ya barafu: nukta za kahawia, alpaka! Na katikati yao zizi bovu la mawe, ndani yake poncho, joho la sufu, imejikunja kama gunia.

"Hasogei," Bi Eulogia akasema kutoka chini, kioo cha pili cha kutazamia picha kikiwa mikononi mwake.

Nicasio akaishusha droni. "Baba, sogea. Sogea basi."

Chini ya poncho kikatokeza kichwa kidogo cha alpaka mchanga. Kisha gunia likainuka, likasimama kwa mguu mmoja, wa pili ukining'inia, mkono ukaanza kuzungushwa juu ya kichwa.

"Anatupungia!"

"Anapunga nini," Meliton akasema. "Hilo ni kombeo."

Kitu kikakua ghafla kwenye kioo, na kioo kikawa cheusi.

"Kadhani ni kondori, lile tai kubwa, amemfuata yule alpaka mchanga," Bi Eulogia akasema. Akaketi chini palepale, machozi yakimtiririka. "Mpumbavu yule. Mkono wake mzima kabisa, mmeuona?"

Meliton akageuka kumwuliza Nicasio ni njia ipi, lakini paani hapakuwa na mtu. Nicasio alikuwa ameshavuka kijito, akikimbia njia ya barafu huku analia na kucheka, rimoti ya droni iliyokufa ingali mkononi.