Ubeti Usio na Mwenyewe

Clement Garbutt alikuwa na ugonjwa mmoja: kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Mpe saa inayokwenda sawasawa, ataifungua. Basi mwaka ule akauvamia wimbo wa mgodini, ule tunaouimba bondeni kwetu siku ya kuwakumbuka waliofukiwa, aupange upigwe na bendi ya kijiji aliyoiongoza, klarineti kwa matarumbeta.

Wimbo wenyewe alifundishwa na mama mkwe wake, Thirza. Kila ubeti una jina la mtu aliyefia chini. Likiisha jina la mwisho, wanaume huvaa kofia, kila mtu akashika njia yake. Baada ya hapo hakuna anayeurudia, hata kwa mluzi.

"Unakatika ghafla mno, Mama," Clement alisema jikoni, kalamu mkononi. "Nitaurudia mara moja mwishoni, bila maneno. Cuth atapiga peke yake, kisha bendi nzima iingie kwa kishindo."

Cuth alikuwa mwanawe wa pekee, mchimbaji, na fundi wa kupiga tarumbeta kubwa la sauti nzito. Thirza alilitua birika mezani.

"Ubeti mtupu, umtie mjukuu wangu mdomoni? Ubeti usio na jina hutafuta jina, Clement. Marehemu mume wangu Amos aliupiga kwa mluzi akirudi nyumbani. Mwaka uliofuata tukamwimba yeye."

"Mgodi ndio uliomuua, Mama, si mluzi."

"Haya bwana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ila guu lenyewe safari hii si lako."

Clement alicheka, lakini kwenye mazoezi kicheko kilimkauka. Walipofika mahali pale, mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini akakataa kuzishika. Wa klarineti hawakuthubutu kumtazama Cuth.

"Baba, kama unakitaka chumba changu, si useme tu!" Cuth alitania. Hakuna aliyecheka. Na wiki ile ile msimamizi wa mgodi akamhamishia kwenye njia ya chini kabisa, kule kunakovuja maji.

Lo! Clement aliogopa, tena sana. Angeweza kuuchana ule ukurasa. Lakini kijiji kizima kingesema bwana mkubwa wa bendi ametishwa na bibi kizee, na hilo lilimshinda kulimeza. Kiburi si maungwana.

Siku ikafika, ukumbi wa kanisa ukajaa. Majina yakaimbwa, bendi ikiyasindikiza vizuri ajabu. La mwisho likaisha, mikono ikaenda kwenye kofia. Hapo Cuth akasimama, akapuliza.

Ukumbi mzima uliganda. Clement aliendelea kuongoza kwa mkono, asijue anapiga mapigo gani. Mwanangu, aliwaza, mwanangu nimekufanya nini?

Ndipo Thirza aliposimama mstari wa mbele, ameshika kiti. Kwa sauti yake iliyopasuka aliufuata muziki wa mjukuu wake na kuutia jina: Thirza Hodgson, mke wa Amos. Aliuimba ubeti hadi mwisho, hakuruka neno.

Clement alishusha mkono. Kishindo hakikupigwa.

"Sasa una mwenyewe," bibi alisema, akavaa kofia yake. "Cuth, nipeleke nyumbani. Miguu inaniuma."

Mwaka uliofuata wimbo wetu ulikuwa na jina la mwanamke. Cuth aliliimba mwenyewe, mzima wa afya, machozi yakimtoka. Lilipoisha, wa kwanza kuvaa kofia alikuwa baba yake.