Kipande cha Shaba cha Voi

Mwaka wa themanini na tatu, reli ya kuchezea ya Mzee Idarusi ilikuwa imejaza sebule yake yote pale mtaa wa Tena. Mombasa ilikuwa chini ya dirisha, Nairobi mlangoni, na mabehewa aliyaunda mwenyewe kwa mikebe ya mafuta ya kupikia. Zamani alikuwa stesheni masta wa Voi. Mimi na mwenzangu Muhidin tulikuwa madereva wa treni, na sasa tuliendesha hizo za mikebe.

Sheria zake zilikuwa zile zile za kazini. Njia ni moja, kwa hivyo treni haiondoki Voi mpaka dereva awe na kipande cha shaba, idhini kwamba njia ni yake peke yake. Jumapili hiyo kipande nilipewa mimi. Tukaenda kuswali adhuhuri, tukarudi, nikapapasa mifuko: hamna kitu.

"Hakuna kipande, hakuna treni," akasema Idarusi, amekunja mikono.

"Mzee, si hii ni mikebe tu!"

"Kagongane kwako."

Nilipekua viatu vyote mlangoni, nikainua mikeka, jasho linanitoka. Mke wangu Muhiba alikuwa akisema siku hizo nasahau mno, nami nikimkemea. Huenda alisema kweli.

Idarusi akatoa leso ajifute uso. Shaba ikaanguka sakafuni.

Tukatazamana. Kumbe nilipotoka kwenda kuswali nilimnyooshea kipande bila kuwaza, kama dereva anayefika stesheni, naye akakipokea bila kuwaza, kama stesheni masta. Matusi nilikuwa nayo tele, lakini kicheko kikanitangulia. Akanikabidhi kipande tena, kwa mikono miwili. Treni yake haikuwa na honi, basi nikaipiga kwa mdomo, tukaondoka Voi.