Maua ya Mbelu na Kompyuta Mpya

Mechack alikuwa akiitengeneza kompyuta aliyoipa mgongo. Alikaa barazani, uso ameuelekeza kwenye barabara ya mtaa wa Dilala na pikipiki zake, na ndani ya dirisha lililokuwa nyuma yake mama mkwe wake, Mbelu, alikuwa ameikodolea macho skrini. Watu wenye asili ya Kasai hawahitaji kuelezwa: mkwe haketi bega kwa bega na mama wa mkewe, wala hamtazami machoni. Laure, mkewe, ambaye huwapelekea maneno huyu na yule, alikuwa shuleni akifundisha. Mechack aliomba mama atoke kidogo ili yeye aingie. Mbelu alikataa katakata. Hajapata kumwachia mtu kiti cha mashine yake, na hakuona sababu ya kuanza leo.

Kiburi anacho, nami simlaumu. Kanga na majoho ya nusu ya parokia yametariziwa na mashine yake inayoongozwa na kompyuta, na kila ua amelichora mwenyewe katika programu moja ya zamani. Lipo hata lile la zambarau liotalo penye shaba, alilolichora kwanza kwa penseli kilimani kabla kilima chenyewe hakijachimbwa kikaisha. Umeme ulipoiunguza kompyuta yake, maua yalinusurika kwenye diski ya nje. Lakini kompyuta mpya haikutaka hata kuiona ile programu. Na leo Mama Nkongolo, mkuu wa kwaya ya akina mama, angepita kuangalia sampuli ya majoho ya jubilei. Asipoiona, kazi ingekwenda kwenye duka la mjini ambako maua huchaguliwa katalogini, na ya Mbelu yangebaki yamefungiwa milele.

"Inasema nini sasa, mama?"

"Inasema hii programme haiwezi kutembea mu hii Windows."

"Mufinye bouton ya kuume, mutafute 'Compatibilité'. Muchague Windows ya zamani. Itawaza iko kule."

"Tuidanganye?"

"Tuidanganye kidogo, mama."

Mbelu akaidanganya. Ikajibu kwa dirisha jekundu.

"Accès refusé! Inanikataza miye, mu nyumba yangu!"

"Muifungue kama administrateur. Muiambie ni nyie benye nyumba."

Aliiambia, tena kwa kubonyeza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Programu ikafunguka, na rangi zake zile zile za kizamani, ambazo Laure huzicheka, zikamjaa machoni. Mbelu alitaka kupiga vigelegele. Kisha akaona mahali pa maua ni patupu, na chini yake ujumbe mdogo wa kosa, wenye herufi D ndani yake.

"Haina kitu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Maua yangu yote, haina."

Mechack alijikuna kichwa; aliyoyajua yalikuwa yamefika mwisho, labda macho yake mwenyewe yangeona zaidi. Mbelu, aliyemwona mgongoni kupitia dirisha, alielewa. Akasukuma kiti nyuma, akasimama, akavuta kitenge chake kiunoni ili atoke ampishe. Ilimuuma. Mkono ukiwa bado juu ya kiti, aliusoma tena ujumbe wa kosa, safari hii polepole, kama anavyokagua mshono uliokatika.

Akaketi.

"Tata Mechack," alimwita, kwa heshima ya baba. "Mu ile mashini ya zamani, maua yalikuwa mu D. Hii disque leo inaitwa E. Programme inaenda kubisha hodi kwetu kwa zamani, na sisi tulihama."

Mechack aligeuka nusura atazame dirishani, akajizuia.

"Ni ile, mama! Ni ile kabisa! Mi sikuiwaza."

"Tunaweza kupatia hii disque jina ya D?"

"Tunaweza. Muende mu 'Gestion des disques', kule disque zote zinapangwa."

Alimwongoza hatua kwa hatua, na Mbelu hakuuliza neno mara mbili. Maua yakaanza kuingia kwenye skrini mojamoja, na la zambarau likaja katikati yao, zima, halijapoteza hata jani. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa mama mwenye wajukuu, na bado alijiona amekua tangu siku aliyolichora.

Nkongolo alipowasili, mashine ilikuwa ikitarizi. Alilikuta ua kwenye kitambaa, akalipapasa kwa kidole gumba, mbele na nyuma, akitafuta kasoro. Hakuipata.

"Walisema mashini yako ilikufa. Nani alikutengenezea?"

"Miye. Bwana ya Laure alinionyesha njia, mi nikatembea."

"Na ikikataa tena, majoho ikiwa nusu?"

"Itakataa, nitaikatalia. Leta bitambaa."

Kutoka barazani Mechack akacheka, kicheko kikubwa cha kifuani ambacho hakuna mkwe anayekiachia mbele ya mama wa mkewe. Akajiziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa. Nkongolo aliinua nyusi, akamtazama Mbelu, akingoja karipio.

"Umuache acheke," Mbelu akasema, kwa sauti ya kufika nje. "Iko kwake, mu nyumba yake."