Kamati ya Historia

Kwenye usaili wa darasa la kwanza, Sista Evelyne aliinua kadi yenye picha ya yai, akamuuliza Kindness kwa Kiingereza hicho ni kitu gani.

Redempta, bibi yake mtoto, alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, miguu imejaa vumbi la kutoka Nangara. Kiingereza hakukijua, lakini picha aliiona, akashusha pumzi. Yai Kindness alilijua hata usingizini.

Mtoto akaitazama kadi, akamtazama Sista, akatabasamu.

"Nyumba yangu haina mlango."

Redempta alijishika shavu. Ni yeye aliyemzoesha. Nyumbani, wakipukuchua mahindi, ukionyeshwa kitu hukitaji jina. Unakitegea kitendawili chake, na mwenye jina tupu ndiye anachekwa.

"Hata yai halijui," Sista alimwambia mwalimu wa pembeni, akaandika.

"Analijua, Sista. Hicho ni kitendawili."

"Bibi, hapa hatufanyi vitendawili. Hata Kiswahili chenyewe kina kipindi chake."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara kumi tangu asubuhi. Akawashauri wajaribu shule ya serikali, akaita jina linalofuata.

Redempta aliinuka kwa awamu mbili, mkono kiunoni. Maumivu ya kiuno hicho aliyapatia hapohapo. Mwaka ule Manyara ilipokatwa kuwa mkoa na maofisa wakaanza kumiminika Babati, padri wa wakati huo alitangaza msaragambo: kila kaya itoe mtu, mawe yapandishwe kutoka korongoni, shule ijengwe. Mnawajengea wajukuu wenu, alisema, na watu wakaitikia amina. Redempta alibeba kiangazi kizima. Mimba ikamharibikia hukohuko korongoni. Akalala siku tatu, ya nne akarudi kwenye zamu, maana zamu ya mtu haibebwi na mwingine.

Nje walikutana na Mwalimu Kasimiri, kijana wa kijiji cha Mutuka, kamera shingoni. Alimwamkia kwa heshima zote, akasema amemtafuta wiki nzima. Shule inatimiza miaka ishirini, wanaandika kitabu chake, na waliobeba mawe wamebaki wachache. Akamwongoza hadi nyuma ya darasa la kwanza, mahali msingi unapoonekana, akamchagulia jiwe.

"Jitwike tu kidogo, Mama Theodory. Kama zamani."

Redempta alilitazama jiwe, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Nikilibeba, mtoto atapokelewa?"

Kasimiri alihangaika na kifuniko cha kamera.

"Hayo ni ya ofisini, mama. Sisi ni kamati ya historia." Kisha, kwa sauti ya chini, "Labda Baba Paroko akiiona picha..." Hakumalizia.

Labda. Watu wameishi kwa labda miaka mingi. Redempta alikunja kanga, akaiweka utosini, akainama. Jiwe lilipanda, ila halikupanda kama zamani. Kindness akaja mbio kumshika gauni.

"Mtoto asogee," alisema Kasimiri. "Hana sare, ataharibu picha."

Akawaita wanafunzi wawili wenye sweta za shule, akawapanga kulia na kushoto kwa bibi. Kindness alikwenda kusimama pembeni, juani.

Shingo ya Redempta ilianza kutetemeka. Wanafunzi walitabasamu vizuri sana.

"Moja zaidi, mama," alisema Kasimiri. "Hiyo umefumba macho."