Mhojiwa Namba Kumi na Saba

Mama yangu aliutumia utoto wangu wote kuwauliza wazee habari za chumbani. Nalisema hili kwa heshima inayostahili. Miaka tisa alizunguka makao ya wazee ya jimbo la Savo, kwetu Ufini, akanywa kahawa isiyo na idadi, akarudi na sauti alizozirekodi na kuzifungia kabatini. Mimi nikapelekwa shule ya bweni, ambako waliniita Mwana wa Daktari wa Mahaba kabla mama hajawa daktari wa chochote.

Siku ya kutetea tasnifu yake huko Tampere nilivaa suti nyeusi, nikaketi safu ya mwisho. Nilikuwa na mpango. Kwetu, mjadala ukiisha, mtetezi huwageukia watu na kusema: mwenye pingamizi dhidi ya kazi hii aombe nafasi. Hakuna anayeomba. Wafini hatuombi hata chumvi. Mimi ningeomba, niulize kwa sauti ya askofu kama mtafiti huyu amewahi kumpikia mwanawe chakula cha moto.

Lakini mpinzani, yaani mtahini rasmi, Profesa Hjelmqvist kutoka Uswidi, alikuwa amembana mama kwa saa mbili.

"Wajane sitini na mmoja, wote wamepita themanini," alisema. "Na nusu yao wanakwambia bado wanapenda na kupendwa. Hukuwaza kwamba walikuwa wanakutania?"

"Hapana, Profesa."

"Basi nionyeshe hata mmoja."

"Niliwaahidi siri."

"Kwa hiyo tuna neno lako tu." Akasimama kutoa kauli ya mwisho: ushahidi hautoshi, hawezi kupendekeza tasnifu ikubaliwe.

Miaka tisa ilikwenda hivyo. Mama akawageukia watu, akatamka yale maneno ya desturi. Hamu ya mzaha ilinitoka.

"Naomba nafasi."

Alikuwa bibi mwenye kigari cha kutembelea. Nilidhani amefuata keki inayoliwa baada ya mjadala. Msimamizi wa mjadala, ambaye kwa miaka thelathini hajawahi kuombwa nafasi, alimtazama kwanza, ndipo akaitikia kwa kichwa.

"Naitwa Hilkka Vainionpää. Nina miaka themanini na sita. Humo kitabuni mimi ni namba kumi na saba."

"Bibi Hilkka, si lazima," mama alisema.

"Tulia, mwanangu, zamu yangu hii. Profesa, mume wangu nilimlilia, na bado namlilia. Kisha Eino wa chumba cha pili akaanza kunichana nywele asubuhi. Mengine yako ukurasa wa mia na nne. Siyasemi hapa, mchungaji wangu yuko safu ya tatu."

Mchungaji alikuwa wa kwanza kucheka.

"Daktari huniuliza goti. Watoto huniuliza nyumba nitaiuza lini. Huyu peke yake aliniuliza kama bado nipo."

Mzee aliyekaa kando yake akainuka, akamshika kiwiko. "Eino," alisema, akaketi.

Watu mia walikaa kama walioona mlango ukifunguka katika ukuta waliouegemea maisha yao yote.

Mpinzani akishatoa kauli hasemi tena. Hjelmqvist alivua miwani, akamgeukia msimamizi, akaomba nafasi kama mtu yeyote wa ukumbini.

"Nina pingamizi," alisema, "dhidi ya kauli yangu mwenyewe. Tasnifu hii ikubaliwe."

Mama alimwomba arudie. Akarudia, polepole, huku akimtazama Bibi Hilkka.