Mifuko ya Kizibo Chekundu

Figo za baba zilikuwa zimekufa, hivyo kila siku nilimjaza dawa tumboni kwa mrija, kisha nikaimimina kwenye mfuko pamoja na maji ya mwili. Siku ile maji yalitoka tumboni mwake safi kabisa. Niliweka gazeti nyuma ya mfuko, nikasoma matokeo ya mpira herufi kwa herufi. Hakuna ukungu, maana yake hakuna uambukizo. Lakini miguu ilimvimba hata viatu vikamkataa, na pumzi ilimwia nzito.

Kaka yangu Nicanor, aliyekuja kutoka Chicago, alisimama mlangoni mwa chumba cha vigae tulichomjengea baba nyumbani kwetu Tonalá.

"Ni mikono yako inayomdhuru, Eduviges. Nani ajuaye kama unanawa?"

"Njoo ubadilishe mifuko wewe basi, bwana mkubwa!"

Miaka sita, kila mara kabla ya kubadilisha, nilifunga dirisha, nikavaa barakoa, nikamfukuza hata paka. Maneno yale yaliniuma kweli. Nikaanza kuitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine.

Hospitalini, tulikokwenda sote watatu, Daktari Villaseñor alimbonyeza baba miguu, akasoma vipimo.

"Utando wa tumbo umechoka," alisema. "Sukari iliyo kwenye dawa ndiyo huvuta maji mwilini. Miaka ikipita, sukari hiyohiyo huuchakaza utando. Sasa inavuja kwenye damu upesi, haivuti tena. Ile mifuko mikali yenye sukari nyingi, ya kizibo chekundu, mliitumia sana?"

"Mara chache mno," nikajibu.

Baba akakohoa. "Kila Jumapili."

"Baba!"

"Wewe ukienda misa, mimi nakula pozole, ile supu yetu ya mahindi na nyama yenye chumvi, bakuli mbili, halafu najiunganishia mfuko mwekundu unyonye maji. Siku hizi hata katikati ya wiki. Sasa mtu huli chumvi, hunywi maji, unaishi ili iweje?"

Nilitaka kumfokea, nikashindwa kwa kicheko na machozi.

"Wapo wasioonja hata kijiko, na utando ukawachakaa vilevile," daktari akasema. "Ila sasa imebaki mashine ya kusafisha damu, Don Evaristo. Ukikataa, Krismasi hutaiona."

Baba aliiogopa mashine ile kuliko kifo. Rafiki yake Tiburcio alikata roho akiwa ameunganishwa nayo. Baba aliweka mikono juu ya magoti yaliyovimba. Nicanor aliikodolea macho sakafu.

"Nicanor," baba akaita, "mwombe dada yako radhi. Nisikie kwa masikio yangu."

"Baba, hapa? Mbele ya daktari?"

"Hapa hapa."

Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka. "Nisamehe, Vige. Nilikuonea."

Baba akaegemea mkono wangu, akainuka.

"Haya, iko wapi hiyo mashine? Twendeni kabla sijabadili nia."