Aikoni Zilizokwenda Kutembea

Saa nne asubuhi ya Jumatano, fundi Fideli alipiga magoti chini ya meza ya ofisi ya kata, akachomoa nyaya za kompyuta kuukuu, akazipuliza vumbi na kuzichomeka tena. Kioo kikawaka. Picha ya majani mabichi ilikuwepo. Aikoni hazikuwepo hata moja, wala ule mkanda wa chini wenye saa. Hali ilikuwa hiyo tangu Ijumaa, na tangu Ijumaa mtendaji Privatus alikuwa akiwaambia watu barua hazitoki, mashine mbovu.

Clarisse Nizigiyimana alisimama mlangoni. Chuo cha uuguzi kilitaka barua yake ya ukaazi kabla ya saa kumi jioni hiyo, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine.

Fideli hakuzoea kushindwa na mashine. Ufundi alijifundisha mwenyewe mpakani Rusumo, akifungua simu za madereva wa malori. Alibofya kitufe cha kulia cha kipanya, akakuta amri ya kuonyesha aikoni imewekwa tiki. Akaiondoa, akairudisha. Akazima kompyuta, akaiwasha. Majani mabichi matupu.

"Hazimo humo," alisema Tecla, mfagiaji. "Zimekwenda kutembea. Kabrasha la barua liko kwa bibi yake Clarisse tangu Jumapili."

Fideli akauliza mbona hakusema. Tecla akajibu kwamba hakuna aliyemuuliza.

Wakashuka bondeni. Mkanda wa chini ulikuwa umelala juu ya mfereji, wanawake wenye ndoo wakivukia hapo. Saa yake ilionyesha tano na robo, na ilikuwa tano na robo. Kwa bibi Niragira, kabrasha la njano lilikuwa limeketi mkekani mbele ya sahani ya ndizi na maharage. Aikoni nyingine zilikuwa katika nyumba za jirani, kila moja kwa mtu aliyenyimwa barua.

Fideli akamwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaliamuru kabrasha linyanyuke, linahitajika kazini. Halikutikisika.

"Unamfukuza mgeni wangu?" Niragira aliuliza. "Msindikizeni, kama watu."

Wakasindikiza. Kila nyumba ilitoka na aikoni yake, na chupa ya rubisi, pombe ya ndizi, ya kunywa njiani, wakapanda kilima polepole wakipiga soga. Mkanda ukainuka, ukafuata nyuma. Saa nane uwanja wa ofisi ulijaa. Aikoni zikapita dirishani, zikakaa mahali pake. Pipa la taka liliingia mwisho; lilibebwa na wanaume wanne.

Fideli akalifungua. Ndani mlikuwa na barua arobaini na moja, zimeandikwa zikakamilika, zote za watu ambao Privatus alizoea kuwaita wenye majina ya ng'ambo. Akazirejesha zote, akawasha printa.

"Saini, mtendaji," alimwambia Privatus, aliyekuwa ameketi mezani kwake. "Moja moja."

Privatus akautazama uwanja, akasaini.

Ya Clarisse ilitoka kwanza. Ilikuwa na nafasi moja wazi: mwaka wa kuingia nchini. Privatus akasema wenye majina hayo lazima waijaze, leo na siku zote. Clarisse akachukua kalamu, akaandika mwaka aliozaliwa, maana alizaliwa kwenye zahanati ya hapo hapo kilimani, akapanda pikipiki. Vigelegele vilimfuata hadi barabara ya lami. Ofisini, Privatus alikuwa akimwonyesha mtu wa pili nafasi ile ile kwa kidole.